Taa za Breki Zinapomsaliti Fundi

Usiku, kwenye mteremko wa Kitonga, dereva wa lori anasoma mengi kwenye taa za gari lililo mbele yake. Lipo gari ambalo taa zake nyekundu zinawaka kuanzia juu mlimani hadi bondeni bila kuzima hata mara moja, na anayelifuata hawezi kujua ni wakati gani linapunguza mwendo kweli. Lipo jingine ambalo haziwaki kabisa, au huwaka zimeshachelewa, gari lenyewe likiwa karibu kusimama. Yakifika gereji, la kwanza huchomolewa fyuzi na la pili hununuliwa balbu. Kumbe mara nyingi ugonjwa wa magari yote mawili ni mmoja, na hauko nyuma kwenye taa. Uko mbele, chini ya boneti, kwenye lile pipa jeusi la duara ambalo mafundi huliita busta, lililong'olewa kwenye gari la aina nyingine na kufungwa hapo kwa sababu lilikubali kuingia.

Tuchukue Land Rover 109, kwa kuwa ingali kazini. Zile za Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na mwaka 1983 mrithi wake, 110, alikuwa ameshaingia sokoni akiwa na springi za koili na breki za diski mbele. Oktoba 2024 jiji la Arusha lilipofanya tamasha la Land Rover, magari ya kila umri yalijitokeza, mengine yakimeremeta rangi mpya. Lakini thamani halisi ya 109 haiko kwenye maonyesho. Iko kwenye barabara za vumbi za kaskazini mwa Tanzania, na ng'ambo ya mpaka huko Maralal, ambako gari hilo bado linabeba magunia, mbuzi na watu kwa pamoja, na breki zake hupimwa kila siku na makorongo.

Busta ya gari la umri huo hufa kwa njia mbili. Mpira wa ndani hukauka na kupasuka, au masta silinda iliyofungwa mbele yake huvujisha mafuta ya breki taratibu hadi yanaingia ndani ya pipa na kuulainisha mpira mpaka unaoza. Mwenye gari huenda kutafuta nyingine. Gerezani jijini Dar es Salaam, Unga Limited jijini Arusha, Kirinyaga Road jijini Nairobi au Kisekka kule Kampala, atakayoikuta kwa wingi ni ya Toyota. Ya Land Rover ikipatikana ni ya 110, na ikiwa mpya ndani ya boksi bei yake humfanya mtu ajute kuuliza. Mazungumzo yanayofuata kila mtu anayajua. Mwenye gari anasema, "Lakini fundi, hii si ya gari hili." Fundi anajibu, "Itakaa tu, bosi." Bolti nne zinapimwa kwenye bati linalotenganisha injini na chumba cha dereva. Mbili zinaingia, mbili zinagoma, drili inaletwa, na kabla ya adhuhuri busta imekaa.

Mimi si mpinzani wa kazi hiyo. Bila mafundi wa namna hii, nusu ya magari yetu ya zamani yangekuwa yameshageuzwa nondo. Ninachopinga ni kipimo kinachotumika. Kwenye busta, matundu ya bolti ndiyo sehemu isiyo na madhara makubwa yakikosewa. Yenye madhara ni yale yasiyoonekana vitu vikishafungwa: fimbo ya mbele, fimbo ya nyuma, na mahali ambapo pedali inarudi kupumzika.

Kwanza tuione kazi yenyewe. Mhandisi wa Ubelgiji, Albert Dewandre, ndiye aliyebuni mwaka 1927 njia ya kuusaidia mguu wa dereva kwa kutumia mvuto wa injini, yaani vakyumu, na jina lake likabaki kwenye vifaa vya kampuni ya Clayton Dewandre ya mji wa Lincoln, Uingereza. Ndani ya pipa mna kiwambo cha mpira kinachoigawa nafasi mara mbili. Pedali ikiwa imetulia, pande zote mbili zimefyonzwa hewa, hivyo kiwambo hakina pa kwenda. Ukikanyaga, valvu ndogo iliyo kwenye shina la fimbo hufunga njia ya vakyumu na kuiruhusu hewa ya kawaida iingie upande wa dereva. Hewa hiyo, tunayoivuta bure puani, ndiyo inayosukuma kiwambo, nacho kinasukuma pistoni ya masta.

Hesabu yake si ngumu. Busta ya kipenyo cha inchi 9 ina eneo la sentimita za mraba 410 hivi. Tofauti ya mgandamizo kati ya pande mbili ikiwa bar 0.7, ambayo ni ya kawaida kwa injini yenye afya, msukumo unafika karibu kilo 290. Ya inchi 8, kwa tofauti hiyohiyo, hutoa kilo 230. Ya inchi 7 haifikishi 180. Hizo ni namba za karatasi, maana springi na msuguano huchukua chao, lakini zinaonyesha kwamba inchi moja ya kipenyo, ambayo sokoni hakuna anayeihangaikia, ni uzito wa mtu mzima anayekusaidia kukanyaga au asiyekusaidia.

Hapo ndipo husikika ushauri wa kufunga kubwa zaidi ili breki ziwe kali. Breki za dramu, kama za 109, zina tabia ya kujivuta zenyewe: breki shuu ikigusa dramu inayozunguka, mzunguko huo huo huiburuta na kuibana zaidi. Ukiongezea busta yenye nguvu kuliko iliyokusudiwa, unapata gari linalokamata ghafla kwa mguso mdogo, na likiwa tupu kwenye lami yenye mvua, matairi ya nyuma yanafunga na mkia unataka kutangulia. Watengenezaji nao, wanapotaka nguvu zaidi kwenye nafasi finyu, hawapanui pipa tu. Hutengeneza pipa nene lenye viwambo viwili, kimoja nyuma ya kingine. Ukikuta sokoni busta nyembamba na nyingine nene za kipenyo kimoja, usidhani ni mitindo.

Hata hivyo, nguvu siyo inayowaangusha wengi. Kinachowaangusha ni urefu.

Busta ina fimbo mbili. Ya mbele inatoka kwenye pipa na kuingia kwenye kitako cha pistoni ya masta silinda. Pistoni hiyo ikirudi nyumbani kikamilifu, hufungua kitundu kidogo kinachoyaruhusu mafuta ya breki kupanda na kushuka kati ya mabomba na kikopo cha juu. Sasa fimbo ya busta ya kigeni ikizidi urefu kwa milimita mbili tu, pistoni hairudi nyumbani. Kitundu kinabaki kimezibwa. Asubuhi gari linatoka gereji likiwa zuri, pedali iko juu na ngumu kidogo, na mteja anafurahi. Akienda kilomita kadhaa mafuta yanapata joto, yanatanuka, hayana pa kutokea, na breki zinaanza kujifunga zenyewe. Msuguano unaongeza joto, joto linaongeza mfungo. Dereva anahisi gari limekuwa zito na analaumu injini, au dizeli ya kituo alichojazia. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi. Yaliyokaa muda na kunyonya unyevu huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hiyo pedali iliyokuwa ngumu asubuhi inazama hadi sakafuni. Kwenye tambarare mtu hupata nafasi ya kuhangaika na gia. Kwenye mteremko wa Kitonga, au wa Sekenke, nafasi hiyo ni finyu.

Fimbo hiyo hiyo ikiwa fupi, madhara ni mepesi kidogo lakini yanaudhi: pedali inasafiri bure kabla ya jambo lolote kutokea. Fundi asiyechunguza atasema kuna hewa, atatoa upepo magurudumu yote manne, atamaliza chupa mbili za mafuta, na pedali itabaki vilevile.

Fimbo ya nyuma ndiyo inayounganisha busta na pedali, kwa uma wa chuma na pini. Urefu wake ndio unaoamua pedali itakaa wapi mguu ukiondolewa. Na hapa ndipo swichi ya taa inapoingia kwenye hadithi.

Swichi ya kawaida ni kidude cha plastiki chenye kitufe kinachochomoza mbele. Pedali ikiwa imerudi, mkono wake unakibonyeza kitufe na umeme unakatika. Ukikanyaga, pedali inakiacha, springi inakisukuma nje, umeme unapita, taa zinawaka. Tazama basi kile ambacho swichi inakijua. Haijui kama kuna mafuta kwenye mabomba, haijui kama magurudumu yanashikwa. Inajua jambo moja tu: pedali iko nyumbani au haiko. Kwa hiyo mtu akibadilisha busta na kuihamisha nyumba ya pedali, wa kwanza kujua ni swichi, kabla ya fundi, kabla ya dereva, na miezi kabla ya ajali.

Fimbo ya nyuma ikiwa fupi, pedali inakaa chini, haikifikii kitufe, na taa zinawaka muda wote. Kwenye Toyota nyingi taa za breki hazipiti kwenye ufunguo, hivyo mwenye gari anaamka asubuhi betri imekufa na anaanza kumshuku fundi umeme. Fimbo ikiwa ndefu, pedali inapanda kuelekea kwa dereva na kukizamisha kitufe hadi mwisho. Inabidi sasa ishuke safari ndefu kabla kitufe hakijaachiwa. Breki zimeanza kukamata, taa bado zimelala, na anayekufuata anagundua unasimama kwa kuliona gari lako likimjia.

Lakini fimbo ndefu ina ubaya mwingine ambao watu wachache huufikiria. Pedali ikitaka kupanda kupita pale ilipozoea, mwili wa swichi ndio unaoizuia. Kwa maneno mengine, kidude cha plastiki kimegeuka kuwa kituo cha pedali. Pedali haimalizi safari ya kurudi, shina la valvu ndani ya busta linabaki limesukumwa kidogo, hewa inapenya upande wa dereva, na busta inafunga breki bila kuagizwa na mtu. Dalili yake ni ya pekee: injini ikiwa imezimwa na vakyumu imekwisha, magurudumu yanazunguka vizuri kwenye jeki, ukiwasha injini, yanashika. Ukiona hivyo, usifungue gurudumu hata moja. Ilegeze swichi, irudishe nyuma mizunguko kadhaa, kisha ujaribu tena.

Fundi wetu anapokutana na taa zinazowaka muda wote hufanyaje? Anatibu taa. Nimeona sarafu ya shilingi mia ikiwa imegundishwa kwenye mkono wa pedali ili ukifikie kitufe. Zipo pedali zinazobandikwa washa, kipande cha tairi, hata kizibo cha soda. Kwingine kishikizo cha swichi kinapigwa nyundo mpaka kinapinda. Taa zinazima, na mteja analipa. Akikutana na trafiki barabarani, afande anasimama nyuma ya gari na kusema "kanyaga", taa zinawaka, gari linaruhusiwa. Hata kwenye ukaguzi wa stika wa Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, swali linaloulizwa ni kama taa zinawaka. Sijawahi kusikia mtu akiuliza zinawaka pedali ikiwa imeshuka kiasi gani. Na ile sarafu inayozimisha taa inaficha kwamba busta ina fimbo isiyo yake.

Swichi zenyewe nazo si ndugu wa tumbo moja. Zipo zinazofanya kazi kinyume, ambazo kitufe kikibonyezwa ndipo umeme unapita. Zipo zenye waya mbili na zenye waya nne, ambazo jozi ya pili ni ya kukatisha mfumo unaolifanya gari lishikilie mwendo. Zipo zenye shingo ndefu na zenye shingo fupi, na tofauti ya milimita nne kwenye shingo inatosha kuzaa matatizo yote niliyokwisha kuyataja hata kama busta ni ya gari lenyewe. Kwenye magari ya gia otomatiki kutoka Japani, swichi hiyo hiyo ndiyo inayoruhusu mkono wa gia utoke kwenye P. Ikizembea, gari linagoma kuondoka kabisa. Halafu kuna suala la mkondo: balbu mbili za wati 21 kwenye betri ya volti 12 hula ampea 3.5, na ukiongeza taa ya tatu na za trela, swichi iliyozaliwa kupeleka ishara tu kwenye kompyuta ya gari jipya haitakaa muda mrefu bila kuungua. Ukilazimika kuitumia, weka rilei.

Wazee watakumbuka kuwa zamani swichi haikukaa kwenye pedali. Volkswagen za Beetle ziliifunga kwenye masta silinda, na magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 na 1960 yaliifunga kwenye bomba la breki. Swichi ya aina hiyo husikiliza mgandamizo wa mafuta: mguu ukikanyaga, mafuta yanabana, taa zinawaka. Baadhi ya mafundi wakishindwa kuioanisha pedali na busta ngeni huirudia njia hii, wanakata bomba na kuunga swichi ya mgandamizo. Ni akili, kwa sababu swichi hiyo haijali pedali imelala wapi. Lakini pima upande wa pili. Siku bomba litakapopasuka na mgandamizo ukakosekana, dereva atakanyaga hadi sakafuni na taa za nyuma hazitawaka, wakati ambao anayemfuata anazihitaji kuliko wakati mwingine wowote. Swichi ya pedali, pamoja na ujinga wake wote, ingewaka. Ndiyo maana mimi, kati ya hizo mbili, nachagua ya pedali.

Kazi yenyewe ina mpangilio, na makosa mengi yanatokana na kuufuata kinyumenyume. Fundi huanza na swichi kwa kuwa ndiyo inayolalamika kwa sauti. Anayejua huigusa mwisho kabisa. Kwanza huiweka busta mpya na ya zamani juu ya meza, sako kwa bako, na kupima fimbo zote mbili kutoka kwenye uso wa kufungia. Mwenye gari, basi, usiiache ile mbovu gereji unapokwenda sokoni. Ibebe hata kama inachafua buti. Busta mbovu ni rula bora kuliko kumbukumbu ya muuzaji.

Fimbo ya mbele hupimwa kwa njia rahisi ambayo hata mtoto anaweza kuifanya. Weka kidonge cha plastisini, ile ya kuchezea watoto, kwenye shimo la kitako cha pistoni ya masta. Funga masta kwenye busta mpaka nyuso zikutane, kisha uifungue. Plastisini ikiwa imepondwa ikabaki karatasi, fimbo inagusa au imezidi. Ikibaki nene, kuna pengo. Linalotakiwa ni pengo jembamba sana, karibu na kutokuwepo, lakini fimbo isiwe imeegemea. Busta nyingi za Japani zina nati kwenye ncha ya fimbo kwa ajili ya kuirekebisha. Zisizo nayo ndizo zinazowafanya watu wachukue tupa, na kidogo kidogo milimita inapotea isirudi.

Pili ni fimbo ya nyuma. Swichi ikiwa imerudishwa nyuma kabisa, isiguse kitu, uma unazungushwa mpaka pedali ikae kwenye kimo chake, na pini iingie yenyewe bila kulazimishwa. Pini ikihitaji kuvutwa kwa bisibisi, fimbo bado. Pedali lazima iwe na mchezo mdogo mwanzoni, dole gumba likiisukuma isafiri kidogo kabla ya kukutana na ukinzani. Mchezo huo ndio uthibitisho kwamba valvu ndani ya busta imefunga. Tatu, na mwisho, swichi inasogezwa mbele taratibu mtu akiwa nyuma ya gari akitazama. Taa zikizima, ongeza kidogo tu, kaza nati ya kuzuia, umemaliza. Hakuna haja ya sarafu.

Busta yenyewe hupimwa bila kifaa. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe ngumu, iendelee kukanyagwa, kisha washa injini: pedali inapaswa kuzama kidogo yenyewe chini ya mguu. Isipozama, ama busta imekufa ama vakyumu haifiki. Halafu, ukiwa umeikanyaga na injini inanguruma, zima injini na ushikilie kwa nusu dakika. Pedali ikianza kukusukuma, kuna mahali panapovuja. Kwenye duka la mtumba, ambako hakuna injini, angalia shimo la mbele linakoingia masta. Pakiwa na unyevu au rangi iliyobabuka, mafuta ya breki yameshaingia ndani. Litikise pipa. Ukisikia maji yanacheza, mshukuru muuzaji na uendelee na safari.

Mara nyingi busta haiji peke yake, huja na masta silinda yake. Hapo mambo yanaongezeka. Land Rover fupi ya 88 yenye dramu za inchi 10 ilitumia masta ya robo tatu ya inchi, na 109 yenye dramu za inchi 11 ilitumia ya inchi moja. Masta nyembamba hutoa mgandamizo mkubwa kwa nguvu ileile, lakini mafuta kidogo. Nene ni kinyume chake. Kutoka inchi saba kwa nane kwenda inchi moja, mgandamizo unapungua kwa asilimia 23 hivi. Mwenye gari analalamika breki nzito, fundi anatafuta busta kubwa zaidi, na mchezo unaendelea. Vilevile, baadhi ya masta za dramu zina valvu inayobakiza mgandamizo kidogo kwenye bomba ili breki shuu zisirudi mbali. Diski haitaki hilo. Ukizikutanisha, breki padi zinasugua diski kutwa nzima.

Na kuna uzi. Nati ya bomba la breki kwenye Land Rover ya zamani ni ya inchi tatu kwa nane, nyuzi 24 kwa inchi. Ya Toyota ni milimita 10, hatua ya milimita moja. Tatu kwa nane ya inchi ni milimita 9.5. Maana yake nati ya Land Rover inaingia kwenye tundu la masta ya Toyota, inashika, inakazika kwa kiasi, na inalegea kidogo tu mkononi. Tepu nyeupe ya mafundi bomba inazungushwa, uvujaji unakoma. Uzi huo umeshika kwa ncha. Mguu mmoja wa dharura, ule wa kukwepa ng'ombe, unaweza kuung'oa. Katika orodha nzima ya ulinganishaji wa kienyeji, hili ndilo ninaloliogopa kuliko yote, maana halitoi dalili yoyote. Hata taa hazilisemi. Suluhisho ni kukata nati ya zamani, kuvika sahihi na kulichanua bomba upya kwa umbo linalotakiwa na masta ile.

Spea nyingi zinazofika kwetu zimepitia Dubai na Sharjah, na magari ya Ghuba usukani wake uko kushoto. Busta ya huko inaweza kuwa nzima kabisa na matundu ya masta yakatazama injini badala ya bawa la gari. Mabomba yanapindwa, yanapita karibu na ekzosi, yanapata joto. Magari ya dizeli yanaleta tatizo jingine: injini ya dizeli haina mvuto wa kutosha, lazima iwe na pampu ya vakyumu. Kwenye Toyota nyingi za dizeli za zamani pampu hiyo imebandikwa nyuma ya altaneta na hulainishwa na oili ya injini. Mtu anabadilisha altaneta kwa sababu haichaji, anafunga isiyo na pampu, kisha anashangaa busta nzuri haifanyi kazi. Nimekuta gari lililobadilishiwa busta mbili mfululizo kwa sababu hiyo tu.

Hata mwinuko wa nchi una neno. Busta inasukumwa na hewa ya nje, na hewa hiyo ni nyepesi juu kuliko pwani. Kwenye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu moja ya sita kulinganisha na Dar es Salaam. Busta ndogo iliyoonekana inatosha ilipojaribiwa Gerezani itakuwa dhaifu zaidi Iringa, Mbeya au Nairobi, kule ambako milima ipo.

Je, busta ya gari jingine isifungwe kamwe? Hapana. Njia ninayoiona ya busara ni kuacha kununua busta kama kitu kimoja. Wenye Land Rover wengi waliofanikiwa walichukua mfumo mzima wa 110: boksi la pedali, pedali yenyewe, busta, masta, na swichi ikiwa bado imefungwa kwenye boksi lake. Pedali ni muhimu kwa sababu uwiano wake hutofautiana. Gari lisilo na busta huwa na pedali inayozidisha nguvu ya mguu mara sita hivi, lenye busta mara nne hivi. Ukifunga busta kwenye pedali ya mara sita, safari ya pedali inakuwa ndefu kuliko lazima na breki zinakuwa kali mno. Muuzaji atajaribu kukuvunjia bei kwa kukuuzia pipa tupu na swichi abaki nayo. Lipa zaidi kidogo, uchukue vyote, pamoja na soketi ya waya.

Kazi ikiisha, jaribu barabara tambarare kwanza. Nenda kilomita kumi ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, na usimame kwa kuachia gari lijifie lenyewe kwenye kamwinuko. Usivute breki ya mkono ya 109 likiwa kwenye mwendo, maana hiyo hushika mhimili unaotoka kwenye gia na si magurudumu. Shuka, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu kabla ya kuligusa. Likiwa moto moja tu, tafuta silinda ya gurudumu iliyoganda au mpira wa breki ulioziba kwa ndani. Yakiwa moto yote, au yale mawili ya mbele kwa pamoja, legeza nati mbili za masta silinda milimita chache kutoka kwenye busta. Magurudumu yakiachia hapo hapo, fimbo ya mbele ni ndefu au swichi inaizuia pedali: ilegeze swichi kwanza, na hali isipobadilika, kazi ya plastisini inaanza upya. Yasipoachia, kasoro iko mbele ya busta, kwenye masta yenyewe au mabomba.